Kompyuta Haioni Mtandao: Draiva za Kadi ya Mtandao kwenye Windows 7

Kijitabu hiki ni cha walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta, makarani wa ofisi ndogo, wenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi, na mafundi wanaoanza kazi. Kinahusu Windows 7, mfumo uliotoka Oktoba 2009 na ambao Microsoft iliacha kuuhudumia kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Bado umo kwenye mashine nyingi za mtumba na za msaada, na bado mafundi wanaupiga kila wanapoletewa kompyuta nzito.

Kisa chenyewe kinajulikana. Windows imepigwa upya, mashine inawaka vizuri, lakini intaneti hakuna. Kupata draiva kunahitaji intaneti, na kupata intaneti kunahitaji draiva. Hapo ndipo watu wengi huazima kompyuta ya jirani, wakapakua programu inayojinadi kuwa ina draiva zote duniani, wakarudi na virusi. Sisi tunasisitiza jambo moja: usipakue chochote kabla hujaijua namba ya kadi yako.

Je, kosa ni la draiva kweli?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /all. Soma kinachotokea bila haraka.

Ukiona jina la kadi na anwani inayoanza na 169.254, draiva haina kosa. Kompyuta imeomba anwani kwenye rauta na haikujibiwa, ikajipachika yake. Kagua waya, taa ndogo za kwenye tundu la waya, swichi na rauta. Mtu anayebadilisha draiva katika hali hii atashinda kutwa nzima akihangaika bure.

Ukiona anwani ya kawaida, mathalani 192.168.1.15, lakini kurasa hazifunguki, tazama saa na tarehe ya kompyuta kabla ya yote. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu wa mashine ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatwa, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana kama havijaanza kutumika. Ni betri ya bei ndogo, lakini imewafanya watu wengi wapige Windows mara mbili bila sababu.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha hiyo, endelea kusoma.

Namba ya kadi

Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika devmgmt.msc. Itafunguka orodha ya vifaa vyote vya mashine. Visivyo na draiva huwa na alama ya njano. Kilichoandikwa Ethernet Controller kwa kawaida ni kadi ya waya. Network Controller mara nyingi ni ya Wi-Fi. Bofya mara mbili kwenye kifaa hicho, nenda kwenye ukurasa wa Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona mstari wa namna hii:

PCI\VEN_8086&DEV_153A

Herufi na tarakimu nne zinazofuata VEN humtaja mtengenezaji wa kadi. Zinazofuata DEV hutaja kadi yenyewe. 8086 ni Intel, kampuni iliyojichagulia namba ya prosesa yake ya mwaka 1978. 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Hiyo 153A ni kadi ya Intel I217-LM, inayopatikana kwenye kompyuta za mezani za Dell OptiPlex 9020. Mashine hizo zilitoka mwaka 2013, na diski ya Windows 7 inazifahamu tu kadi zilizokuwepo wakati mfumo ulipotengenezwa. Kwa hiyo mashine haijaharibika wala diski si mbovu. Mfumo ni mkubwa kwa umri kuliko kadi.

Vifaa vya USB vina namba zao, zinazoanza na VID na PID. Hizi zina faida kubwa kwa vile vidude vya Wi-Fi vinavyouzwa madukani bila jina la kueleweka. Boksi linaweza kuandikwa chochote, lakini ukisoma VID_148F&PID_7601 unajua ndani mna chipu ya MT7601 ya MediaTek, na ukisoma VID_0BDA&PID_8179 unajua ni RTL8188EUS ya Realtek. Tafuta draiva kwa chipu, usitafute kwa jina la boksi.

Andika namba hiyo kwenye karatasi na uibandike kwenye kava la mashine. Fundi atakayekuja baada yako atakushukuru.

Draiva inatafutwa wapi

Anzia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, Dell, HP au Lenovo, kwa kutumia modeli ya mashine. Ukikosa, nenda kwenye katalogi ya Microsoft, catalog.update.microsoft.com, na uibandike namba nzima ya kadi kwenye kisanduku cha kutafutia. Mafundi wengi hawaitumii katalogi hii, nasi tunaona hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote kwa mashine za zamani. Haidai kujisajili, haina matangazo, na draiva zake zimepita mikononi mwa Microsoft. Faili unalopata huishia na .cab, lifungue kwa amri ya expand:

expand -F:* draiva.cab C:\draiva

Folda ya C:\draiva iwe umeitengeneza kwanza.

Kabla ya kupakua, hakikisha kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Shika kitufe cha Windows pamoja na Pause, utaiona. Draiva ya x86 ni ya biti 32, ya x64 ni ya biti 64, na moja haikai mahali pa nyingine hata ukilazimisha.

Kuhusu zile programu za "kusasisha draiva zote": tunashauri uziepuke kabisa, hata zile zenye majina makubwa. Nyingi hubeba matangazo na programu usizozitaka, na kosa la kuweka draiva isiyo sahihi ya kifaa kingine huwa gumu kulirudisha nyuma kuliko tatizo ulilokuwa nalo.

Simu na waya wake

Kama huna kompyuta nyingine ya kupakulia, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe kushirikisha intaneti kwa USB. Usiwashe hotispoti ya Wi-Fi, maana mashine haina Wi-Fi ya kuipokelea. Windows 7 ina draiva yake ya kuitambua simu kama kadi ya mtandao, na mara nyingi baada ya dakika moja hivi intaneti inafika. Isipofika, rudi kwenye orodha ya vifaa, chagua kuweka draiva kwa mkono, nenda Network adapters, Microsoft Corporation, kisha Remote NDIS based Internet Sharing Device. Baadhi ya simu mpya zimeacha mtindo huo wa zamani. Jaribu ya mwenzako.

Linda bando lako. Pakua draiva tu, kisha chomoa waya, kwa sababu programu zilizolala nyuma huamka zikiona intaneti.

Ukitumia flashi na mashine isiisome kwenye tundu la bluu, ihamishie kwenye tundu jeusi. La bluu kwa kawaida ni USB 3.0, nayo Windows 7 haikuja na draiva yake.

Kuiweka

Faili likiwa la .exe, libofye na ufuate maelekezo. Likiwa folda yenye faili la .inf, bofya kifaa chenye alama ya njano kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kusasisha draiva, kisha uielekeze kwenye folda hiyo. Anayependa amri afungue dirisha jeusi kama msimamizi na aandike pnputil -i -a ikifuatiwa na njia ya faili la .inf.

Zima na uwashe mashine hata kama haikukuomba.

Mashine ikigoma

Bofya mara mbili kwenye kifaa usome namba ya hitilafu. 28 ina maana draiva haipo. 22 ina maana mtu amekizima kifaa. Kiwashe, kazi imekwisha. 39 ni draiva iliyoharibika: iondoe, zima mashine, weka upya. 10 ina maana kifaa kimeshindwa kuanza. Kwenye kompyuta mpakato, chomoa chaji na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha ujaribu tena.

Namba 52 inahitaji maelezo zaidi, kwani ndiyo inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Draiva huja na saini ya kidijitali, na Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva isiyo na saini inayoitambua. Kampuni zilihamia aina mpya ya saini iitwayo SHA-2, ambayo Windows 7 iliyotoka kwenye diski haiijui. Draiva ni halali kabisa, ila mlinzi hasomi mwandiko mpya. Dawa yake ni masasisho mawili kutoka katalogi ileile: KB4490628 kwanza, kisha KB4474419. Yote mawili yanahitaji Service Pack 1. Andika winver, ukiona 7601 unayo, ukiona 7600 huna, iweke kwanza.

Wapo wanaobonyeza F8 wakati mashine inawaka na kuzima ukaguzi wa saini. Hiyo hudumu mpaka mashine itakapozimwa tu, na inamwachia mlango wazi yeyote mwenye nia mbaya. Tumia masasisho.

Wi-Fi ina visa vyake. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni au kitufe cha Fn cha kuizima antena. Wapo pia mafundi wanaozima huduma ya WLAN AutoConfig ili "kuipa mashine wepesi", fungua services.msc uone kama inatembea. Kadi ya zamani ya 2.4 GHz haitaiona kamwe rauta iliyowekwa 5 GHz pekee, na Windows 7 haiijui WPA3, hivyo weka rauta kwenye WPA2. Ukinunua kadi mpya, usichukue Intel AX200: imetengenezewa Windows 10 kwenda mbele.

Ikiwa kila kitu kimeshindikana, washa mashine kwa flashi ya Linux Mint bila kuisakinisha. Linux hubeba draiva nyingi za kadi za mtandao ndani yake. Mtandao ukipatikana, kadi ni nzima na tatizo liko kwenye Windows. Usipopatikana na huko, nunua kadi nyingine.

Baada ya kuunganishwa

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa siku chache, na mashine nyingi kilizoziteka zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekwa sasisho la MS17-010 lililotolewa Machi mwaka huohuo. Tangu hapo mfumo huu umeishiwa ulinzi: Chrome 109 ndilo toleo la mwisho linalokubali kukaa humo.

Kompyuta ya kuchapia barua au kufundishia wanafunzi namna ya kushika kipanya inaweza kubaki na Windows 7. Yenye fedha za ofisi, matokeo ya mitihani au taarifa za wagonjwa isiunganishwe kwenye intaneti ikiwa na mfumo huo. Ihamishie kwenye Linux ikiwa uwezo wake ni mdogo, au iombee mashine nyingine katika bajeti ijayo.