Ulinzi Shirikishi: Kwanza Uliza Daftari

Nyumba zikivunjwa mtaani wiki mbili mfululizo, mkutano huitishwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa atasema, wajumbe watasema, na kabla ya magharibi watu watakuwa wamekubaliana: kila nyumba itoe mchango, vijana watafutwe, lindo lianze usiku huohuo. Haraka hiyo ndiyo inayovuruga ulinzi shirikishi katika mitaa mingi ya Tanzania. Baada ya muda walinzi wanadai posho, wakazi wanagoma kuchanga, na minong'ono inaanza kwamba walinzi wenyewe ndio wanaowaonyesha wezi pa kupita.

Jambo lenyewe si geni. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Mwaka 2006, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, jeshi hilo likaanza kuhimiza polisi jamii, na sasa kata nyingi zina polisi wake. Kwa hiyo mtaa unaotaka lindo haupaswi kujitungia jeshi lake. Hatua ya kwanza ni kumwita polisi kata kwenye mkutano, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani pa ofisi ya mtaa, si kubaki kwenye simu ya mwenyekiti.

Hatua ya pili ni daftari, na hapa ndipo ningependa mkazi awe mbishi. Kila mlinzi aandikwe jina lake kamili, anapoishi, picha yake na mdhamini wake. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa mtaa, nyingine iende kituo cha polisi ili majina yachunguzwe kabla kijana hajakabidhiwa filimbi na tochi. Mlinzi asiyejulikana kituoni hana tofauti kubwa na mtu yeyote anayezunguka usiku na rungu. Kila usiku pia iandikwe nani yuko zamu, ameingia saa ngapi na nini kimetokea. Likizuka lalamiko, ukurasa huo ndio utakaoonyesha nani alikuwa wapi.

Fedha nazo zina daftari lake. Dai stakabadhi kila unapolipa, hata kama ni shilingi elfu moja, na dai mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa wakazi. Asiyelipa asihukumiwe na walinzi. Hawana mamlaka ya kubeba redio yake wala kumfungia geti. Jina lake lipelekwe kwa mtendaji. Na yule anayedaiwa "hela ya soda" akiwa anarudi kazini usiku, ajue kwamba kutembea usiku peke yake si kosa. Wauguzi, madereva wa bodaboda na mama ntilie wanaowahi sokoni saa kumi alfajiri ni wakazi kama wengine. Mlinzi anaweza kuuliza kwa heshima unakwenda wapi. Akianza kupapasa mifuko, lindo limeshakuwa jambo jingine, na taarifa inapaswa kwenda kwa polisi kata asubuhi hiyohiyo.

Mwizi akikamatwa je? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele ya macho yake, kwa sharti kwamba amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Kumfunga kamba hadi asubuhi, kumlaza kwenye ofisi ya mtaa, kumpiga ili awataje wenzake: yote hayo yanamgeuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa. Akifa mikononi mwa umati, mashitaka ni mauaji, na "wananchi wenye hasira kali" hawasimami kizimbani. Wanasimama watu wenye majina. Kelele ya "mwizi!" imewahi kuua wasio na hatia: mlevi aliyekosea mlango, mgonjwa wa akili, mgeni aliyepotea njia. Kazi ya mlinzi makini wakati huo ni kusimama kati ya mtuhumiwa na umati, kupiga simu 112, na kutunza vilivyokutwa naye. Ni kazi ngumu kuliko kukimbiza mwizi, na haifanyiwi mafunzo ya kutosha.

Kundi la WhatsApp la mtaa husaidia kuamshana, ila liwe na masharti. Jioni ya Januari 2, 2015, uvumi kuhusu Panya Road, kundi la vijana wahalifu, ulisambaa Dar es Salaam, watu wakafunga maduka na kukimbia katika maeneo ambayo hayakuwa yamevamiwa. Atakayetuma taarifa aseme ameona nini, wapi na saa ngapi. Picha ya mtu unayemshuku ipeleke kwa polisi, usiirushe kundini; akipigwa kesho yake, wewe umechangia.

Kuna makosa ambayo lindo haliyaoni kwa sababu yako ndani ya nyumba. Mke akipigwa au mtoto akifanyiwa ukatili, suala hilo si la kusuluhishwa kwa mjumbe juu ya kikombe cha chai. Lipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituoni; kwa mtoto ipo pia namba 116, ambayo ni ya bure.

Ukiibiwa, usiguse kilichovunjwa wala kufagia kabla polisi hawajafika. Kituoni eleza mali moja moja, pamoja na namba za simu au runinga kama ulizihifadhi, kisha usiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, maana ndiyo utakayoulizwa kila ukifuatilia. Aliyejeruhiwa achukue fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali. Ikiwa anavuja damu, hospitali kwanza, ndugu afuatilie fomu. Na kama ndugu yako ndiye aliyekamatwa, dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiombwa fedha ili atoke, au ili jalada lisogee, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.