Sumaku, Umeme na Sindano ya Dira

Ndugu mmoja aliyesilimu si zamani alinijia jioni moja na dira mkononi, naye ni mwenye huzuni. Akasema: "Maalim, juma zima nimesali nikielekea upande usio wa Kibla. Dira hii ni ya uongo." Nikaenda naye nyumbani kwake, nikaona kuwa alikuwa akiiweka dira juu ya meza yenye redio. Tulipoitoa uani, sindano iligeuka ikatulia upande wa kaskazini. Nikamwambia asihuzunike, kwani aliyejitahidi kwa nia safi hana lawama. Lakini yampasa mtu kuijua tabia ya chombo anachokitegemea. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake, nimeandika somo hili.

1. Sumaku ni nini?

Sumaku ni kitu chenye nguvu ya kuvuta chuma, na pia madini ya nikeli na kobalti. Shaba, dhahabu na mti havivutwi kwa namna inayoonekana. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha zilizo sawa husukumana, na zilizo tofauti huvutana. Ukiikata sumaku vipande viwili hutapata ncha moja peke yake, bali kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili.

Sasa weka karatasi juu ya sumaku, unyunyize unga wa chuma, kisha uigonge karatasi polepole. Utaona chembe zinajipanga katika mistari kutoka ncha moja hadi nyingine. Mahali pote ambapo nguvu ya sumaku hufika huitwa uga wa sumaku. Jicho haliuoni uga huo, lakini athari yake yaonekana wazi.

2. Dunia nayo ni sumaku

Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza, William Gilbert, alieleza katika kitabu chake kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Leo yajulikana kwamba uga wake hutokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka ndani sana ya ardhi. Na kwa kuwa chuma hicho hakitulii, ncha ya sumaku ya dunia nayo huhama. Mwaka 1831 James Clark Ross aliikuta kaskazini mwa Kanada; tangu hapo imevuka Bahari ya Aktiki kuelekea upande wa Siberia. Mjini London, mwaka 1580, sindano ilielekea nyuzi 11 mashariki ya kaskazini halisi. Kufikia karibu mwaka 1820 ilielekea nyuzi 24 hivi magharibi. Ndiyo sababu mabaharia hufanya hesabu ya kusahihisha dira zao.

3. Umeme na sumaku

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba umeme na sumaku ni mambo mawili mbalimbali. Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted alipitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, na sindano ikatikisika. Ikabainika kwamba umeme upitao katika waya huzaa uga wa sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday wa London akaonyesha kinyume chake: sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzaa umeme, ikitulia, umeme hukoma. Kwa kanuni hiyo maji ya bwawa la Kidatu, nchini Tanzania, huzungusha mashine na kutoa umeme. Baadaye James Clerk Maxwell aliziunganisha nguvu hizi mbili katika elimu moja ya hesabu. Na mwaka 1979 Profesa Abdus Salam wa Pakistan, pamoja na Glashow na Weinberg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi nguvu hiyo inavyoungana na nguvu nyingine iliyomo ndani ya kiini cha atomu.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Zungusha waya wenye ganda la plastiki mara 30 juu ya msumari, kisha uunganishe ncha zake na betri moja ya tochi. Msumari utaokota pini. Usikawie, kwani waya hupata moto. Na kamwe usitumie umeme wa nyumbani.

4. Kurudi kwenye dira yetu

Ndani ya spika ya redio mna sumaku, nayo ikiwa karibu huishinda sumaku ya dunia. Basi iweke dira mahali tambarare, mbali na spika, simu, nondo, bati na nyaya za umeme. Kutoka Dar es Salaam, Kibla ni karibu kaskazini kabisa. Kutoka Nairobi ni nyuzi 7 hivi mashariki ya kaskazini.

Tena, usitosheke na shahidi mmoja. Karibu na tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27, kwa saa za Afrika Mashariki, jua huwa juu ya Makka. Simamisha fimbo wima uwanjani: Kibla ni upande unaokabili kivuli, yaani upande wa jua. Yule ndugu yetu alifanya hivyo, na fimbo na dira yake zikaafikiana.