Dondoo muhimu: Mafaili yasimame wima

Faili lisiegemee. Likiegemea, karatasi hupinda, na kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa hazinyooki tena kwa urahisi. Rafu ikiwa na nafasi, weka kizuizi cha chuma mwisho wa mstari, au tofali lililovikwa kitambaa safi. Lakini usiyashindilie mafaili: mkono upite ushike faili ubavuni, kwani kulivuta kwa juu huchana mgongo.

Toa pini na klipu za chuma kwenye vyeti na hati za kiwanja. Kutu hula karatasi. Hili hupuuzwa mno.

Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni na iachane na ukuta, mchwa wasipate njia. Mgongoni mwa faili andika jina na mwaka. Ramani zilazwe.