Chakula cha Mababu: Tuchukue Lipi, Tuache Lipi?



Siku hizi katika kliniki yetu ya presha na kisukari tunaulizwa swali moja mara nyingi: "Nesi, ni kweli tukila kama watu wa kale tutapona?" Wengine wamesikia kwa jirani, wengine wameletewa ujumbe katika simu, kwamba mababu wa kale waliwinda tu na hawakulima, kwa hiyo ugali na maharage viachwe, mtu ale nyama. Mama mmoja alifuata ushauri huo, akaacha na vidonge vyake vya presha. Aliletwa wodini kwetu amepooza upande mmoja wa mwili. Ndiyo maana mwezi huu tunazungumza juu ya jambo hili.

Wawindaji wanakula nini hasa?

Hatuna haja ya kubahatisha. Kando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, kiasi cha watu 1,000 hadi 1,500. Ni watu wa leo kama sisi, na wengi wao sasa hula pia unga wa mahindi. Lakini baadhi yao bado hutegemea zaidi kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Chakula chao si nyama peke yake. Wanawake huchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha. Mizizi hiyo ina nyuzi nyingi, hata mlaji huitafuna, akameza utamu wake na kutema makapi. Huchuma matunda ya porini, hupondaponda ubuyu, na asali huipenda kuliko vyote. Nyama huliwa siku ikipatikana, nayo hugawanywa kambini. Chakula hubadilika kwa majira. Kwa hiyo anayesema "mababu walikula nyama tu" hajawauliza wanaowinda.

Kwa watu hawa presha ya kupanda na kisukari ni nadra, hata kwa wazee. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: wanawake walitembea kiasi cha kilomita 6 kwa siku, na wanaume kilomita 11. Hata hivyo, nguvu ambayo miili yao ilitumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Ulaya na Marekani, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili. Hapa tunajifunza kwamba kutembea kunaimarisha moyo, lakini hakufuti sahani iliyojaa kupita kiasi. Yote mawili yanahitajika.

Tusisahau upande wa pili. Watafiti walioishi nao mwishoni mwa karne iliyopita walikuta kwamba mtoto mmoja katika kila watano hakufikisha mwaka mmoja, na karibu nusu ya watoto hawakufika miaka 15. Chanjo, maji safi, kliniki ya wajawazito na dawa ni mambo ambayo mababu wangeyapokea kwa mikono miwili. Tusiyatupe.

Kosa letu wauguzi

Nasi tuna la kukiri. Miaka ya nyuma, katika mafunzo ya lishe, tulisifu mkate mweupe na sembe. Mama aliyesema nyumbani wanakula mlenda wa porini au mgagani tulimhurumia kama maskini. Wengi waliona aibu, wakaacha kuwapikia watoto wao. Leo baadhi ya watoto hao ni watu wazima, na tunawapima sukari kliniki. Hatusemi kwamba mlenda peke yake ungewakinga. Tunasema tuliwaondolea kitu chema bila kuwapa kilicho bora zaidi, na tunapenda kusahihisha.

Tufanye nini nyumbani?

1. Turudishe mboga za asili: mchicha, mgagani, majani ya kunde, mlenda, kisamvu kilichopikwa vizuri. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani kama viganja vitano.

2. Tule dona badala ya sembe, na viazi vitamu, magimbi, kunde na maharage. Nyuzi zake hushibisha na hufanya sukari ipande polepole katika damu. Maharage yasiachwe, ndiyo nyama ya nyumba nyingi.

3. Tunywe maji. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Ubuyu ni mzuri, una vitamini C nyingi, lakini ule uliopakwa rangi na sukari ni peremende tu. Tuuloweke wenyewe katika maji yaliyochemshwa.

4. Tupunguze chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo katika vyakula vya dukani. Chumvi isiwekwe mezani.

5. Tutembee. Safari ya sokoni au kanisani isiyo mbali haihitaji bodaboda. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanzia.

Tahadhari

Usiache dawa za presha au kisukari kwa sababu umebadilisha chakula. Njoo kliniki upimwe. Vidonge vikihitaji kupunguzwa, daktari ndiye atakayevipunguza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano akiacha ugali ghafla anaweza kuanguka kwa kuishiwa sukari mwilini.

Usichimbe mizizi wala kuchuma uyoga usioujua. Mingine ina sumu. Nyama ya porini haijapimwa, na kuwinda bila kibali ni kosa kisheria. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake. Kwa mwenye kisukari, asali nayo ni sukari.

Yule mama sasa anatembea kwa fimbo. Mabinti zake wamelima bustani ya mchicha na mgagani nyuma ya nyumba, na vidonge vyake anameza kila asubuhi. Hivyo ndivyo tungependa kila nyumba ifanye: chakula cha bibi na dawa ya hospitali, vyote kwa pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Ni vyakula gani bibi na babu zetu walikula ambavyo sisi tunaona aibu kuvipika?
2. Nyumbani kwetu tunatumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi?
3. Ni nani kati yetu hajapima presha mwaka huu?

Tukutane mwezi ujao.