Njia ya Sauti na Manjano ya Mtoto Mchanga

Wengi wetu hudhani kwamba sikio ndilo lisikialo. Sikio ni mlango tu. Sauti ikishaipita ngoma ya sikio hufika katika kijumba kilichojipinda mfano wa konokono, hugeuzwa kuwa khabari za umeme, na mshipa wa fahamu huzichukua hadi shina la ubongo, sehemu iunganishayo ubongo na uti wa mgongo. Hapo pana vituo. Cha kwanza hupokea khabari za sikio moja; kisha nyuzi nyingi huvuka upande wa pili, na katika kituo kifuatacho khabari za masikio mawili ndipo zikutanapo. Kazi yake ni ya ajabu: sauti itokayo kuume hulifikia sikio la kuume kabla ya la kushoto kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo twajua atuitaye yuko wapi. Kutoka hapo khabari hupanda hadi ubongo wa kati, kisha juu zaidi, kwenye kufahamu maneno.

Twayaeleza haya kwa ajili ya manjano ya watoto wachanga. Rangi ile, bilirubini, hutokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ikizidi mno huingia ubongoni, na vituo hivyo vya kusikia ni miongoni mwa vidhurikavyo mapema. Sikio lenyewe huwa zima! Kwa hiyo kipimo cha sikio peke yake chaweza kuonyesha kuwa mtoto hana neno, nayo njia imeharibika. Kifaacho ni kile cha kubandika waya ndogo kichwani na kuyafuata mawimbi ya shina la ubongo.

Watu wa pwani latuhusu khasa. Upungufu wa G6PD, kitu kilindacho chembe za damu, umeenea zaidi palipokuwa na malaria nyingi, nao hurithiwa. Mjukuu wetu aliyezaliwa Nchiru, huko Meru kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, haepushwi nao na baridi ya milima. Mtoto wa namna hiyo hudhuriwa na hina akipakwa, na vidonge vyeupe vya naftalini tuvitiavyo sandukuni. Nguo zilizokaa navyo asivishwe.

Manjano yakionekana kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, apelekwe hospitali siku ile ile, wala wazazi wasitosheke na kumwanika juani au kusema amepigwa jicho. Huko hulazwa chini ya taa za buluu, na yakizidi hubadilishwa damu. Mama naye amwambie daktari ikiwa ndugu za mtoto walipata kuugua manjano makali.