Kupiga Picha Lisbon: Vilima, Mwanga na Dhahabu ya Kilwa

Kila mwaka wapo wenzetu wachache wanaopata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mimi niliangukia Lisbon, Ureno. Tangu nirudi, swali ninaloulizwa kuliko yote si la masomo wala la chakula. Ni hili: "Zile picha ulipigia wapi?" Basi chukueni hili kama somo. Halihitaji kamera ya bei mbaya. Nyingi ya picha zangu ni za simu. Linachohitaji ni kujua jua liko upande gani, na kujua unachokipiga ni nini.

Tuanze na jua, maana hapo ndipo wengi wetu tunapotegwa. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu wakati uleule wa jioni mwaka mzima, na likishaamua kuzama linadondoka wima. Ule mwanga wa dhahabu unaoupenda usoni unadumu muda mfupi tu. Lisbon iko mbali kaskazini, kwenye latitudo ya kama nyuzi 39, kwa hiyo jua linashuka kwa kuinamia pembeni, na mwanga mzuri unakaa muda mrefu zaidi. Mwezi Juni linazama kama saa tatu na dakika tano usiku. Ndiyo, usiku! Mwezi Desemba linazama kama saa kumi na moja na robo jioni, na hata adhuhuri linakuwa chini, nyuzi 28 hivi tu juu ya upeo. Maana yake ni kwamba wakati wa baridi unaweza kupiga picha saa sita mchana na bado ukapata vivuli virefu vya pembeni. Kwetu saa hiyo kivuli kiko chini ya miguu na macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi.

Mji umekaa juu ya vilima, na kwenye vilima hivyo kuna sehemu za kutazamia mji ambazo Wareno huziita miradouro. Ziko nyingi na hazina kiingilio. Usizizunguke zote siku moja kama mtu anayehesabiwa. Chagua kwa kufuata jua. Asubuhi nenda Portas do Sol: inatazama mashariki, juu ya mapaa mekundu ya mtaa wa Alfama, na jua linachomoza upande wa mto Tejo. Hatua chache kutoka hapo ni Santa Luzia, ambapo ukutani mwa kanisa kuna picha ya vigae vya bluu na nyeupe inayoonyesha uwanja mkuu wa mji jinsi ulivyokuwa kabla ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Piga kigae hicho, kisha shuka ukaupige uwanja wenyewe, Praça do Comércio. Hapo una somo zima la historia kwa picha mbili.

Mchana ukielekea jioni, panda São Pedro de Alcântara. Hapo wewe unatazama mashariki na jua liko mgongoni kwako, kwa hiyo ngome ya São Jorge iliyo kilima cha pili inawaka yote. Kwa machweo yenyewe, Senhora do Monte ndiyo mwisho wa maneno. Desemba jua linashuka karibu na upande wa daraja jekundu la 25 de Abril, lile lililofunguliwa 1966 kwa jina la dikteta Salazar na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 1974. Juni jua linahamia kaskazini zaidi na daraja linabaki pembeni. Kwa hiyo ukiona picha ya rafiki yako ina jua juu ya daraja na yako haina, hajakuzidi ufundi. Mlikwenda miezi tofauti.

Sasa jambo ambalo hakuna kitabu cha watalii kitakachokwambia. Lisbon ni mji mweupe. Kuta ni nyeupe, na hata njia za miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo zima na kudhani kwamba kwa wastani dunia ni ya kijivu. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na wewe mwenye ngozi nyeusi uliyesimama katikati unageuka kivuli chenye meno. Niliwaona wanafunzi wenzangu wa Kiafrika wakifuta picha zao moja baada ya nyingine, wakiamini wao ndio hawapendezi. Hapana bwana! Tatizo ni kipimo. Gusa uso kwenye skrini, kisha pandisha mwanga kidogo mpaka ngozi ionekane rangi yake halisi. Ukuta ukiungua kidogo, uungue. Njia bora zaidi ni kumtoa mtu juani na kumsimamisha kivulini, akielekea ukuta mweupe unaopigwa na jua. Ukuta ule unamrudishia mwanga laini usoni, bure kabisa. Vichochoro vya Alfama vimejaa kona za namna hiyo.

Ila Alfama watu wanaishi. Nguo zilizoanikwa dirishani ni za mtu, na bibi aliyekaa kizingitini si pambo la mji. Salimia, omba, akikataa endelea na safari yako. Sote tunajua inavyoudhi mgeni anapokupiga picha Kariakoo bila hata habari za saa hizi.

Tramu ya njano namba 28 kila mtu anaitaka. Isubiri mbele ya kanisa kuu, Sé, wakati wa alasiri, kwa sababu uso wa kanisa unatazama magharibi. Panga fremu yako kwanza, tramu itajileta yenyewe. Katikati ya mji usiache magofu ya Carmo. Paa lake liliporomoka katika tetemeko lile la 1755 na halikurudishwa, kwa hiyo unapiga matao ya mawe na mbingu tupu juu yake. Karibu na Rossio kuna kanisa la São Domingos, lililoungua 1959. Nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Nje yake, kwenye kiwanja, hukusanyika Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, na ukikaa nao dakika kumi utajisikia umefika nyumbani. Kidogo hapa nichomekee: neno letu "gereza" limetokana na igreja, yaani "kanisa" kwa Kireno. Nikiwaeleza Wareno walicheka, kisha wakanyamaza.

Tukifika Belém, magharibi mwa mji, nawaomba tupunguze mwendo. Hapa ndipo kila mtu anapiga picha: Mnara wa Belém, monasteri ya Jerónimos, na mnara wa kumbukumbu ya mabaharia uliojengwa 1960. Kwa upande wa mwanga, Belém haina shida. Uso mrefu wa Jerónimos unatazama kusini, kwa hiyo unapata jua karibu siku nzima, na jiwe lake linageuka rangi ya asali jioni. Mnara wa Belém upige jua likiwa linashuka, maji yakiwa yametulia.

Lakini ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mwaka 1502 alirudi na meli za vita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye kundi jingine, la Francisco de Almeida, liliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Nilisimama pale na simu mkononi, watu wakijipanga kupiga picha na kaburi huku wakitabasamu, nikajiuliza mimi nitabasamu vipi. Niliipiga, bila mimi ndani yake. Wewe utaamua lako, ila uamue ukijua.

Na dhahabu yenyewe ipo. Haiko Belém tena. Iko Museu Nacional de Arte Antiga, katikati ya Belém na mjini. Ni chombo cha ibada kilichokamilika 1506 kwa amri ya mfalme Manuel I, kazi inayohusishwa na Gil Vicente, chenye mitume kumi na wawili wadogo waliopiga magoti. Maandishi kwenye kitako chake yanataja waziwazi kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Kwa wote tuliokwenda Kilwa Kisiwani na kuona Husuni Kubwa ikiwa magofu, hii ndiyo picha ya Lisbon ninayowasihi mrudi nayo. Muulize mlinzi kwanza. Zima flashi, sogeza lenzi mpaka ikaribie kioo ili taa za nyuma zisijitokeze, na piga maandishi peke yake kabla ya chombo kizima. Jumatatu makumbusho hufungwa, basi panga siku nyingine.