Anasema "lafiki": je, akatwe kimeo?

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Rafiki kwake ni "lafiki", ndizi ni "didi". Bibi yake anashauri akatwe kimeo. Nifanyeje?

Jibu: Mama, mwache na kimeo chake. Kimeo kinaning'inia nyuma kabisa kooni, ilhali r hutengenezwa mbele, ncha ya ulimi ikitetemeka karibu na ufizi wa juu. Kukikata hakutamletea r. Kutamletea damu, pengine na maambukizi.

R ni kazi ngumu, hivyo watoto wengi huazima l kwa muda. Nd kugeuka d, s kugeuka t, nayo ni mambo ya umri huu. Hata "tutu" badala ya kuku hainitishi, ila kufikia miaka minne iwe inapungua.

Kinachonishtua ni kinyume chake: mtoto anayeita taa "kaa" na mti "mki", au anayemeza sauti ya mwanzo, samaki akawa "amaki". Irabu zikiyumba pia nasita, maana za Kiswahili ni tano tu na watoto huziwahi mapema.

Nenda naye dukani, aagize sukari mwenyewe, nawe unyamaze. Muuzaji akielewa, vizuri. Mtoto akitimiza miaka minne na wageni bado hawamwelewi vizuri, akapimwe masikio kwanza, hasa kama hutoka usaha.

Nyumbani msimkazanie "sema rrr!" mbele ya wageni. Akisema "lafiki amekuja", mjibu tu: "Eeh, rafiki yako amekuja, mfungulie."